Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Dang'a Kwanza, Dume Baadaye

Wanachama wenzangu,

Ada, josho na hesabu za benki mtazisikia kwa mweka hazina. Mimi nitazungumzia dang'a, yale maziwa ya kwanza ya jike aliyetoka kuzaa, maana mwaka mzima kila mkutano wetu uliishia kwenye wanakondoo waliokufa kabla ya kumaliza wiki, na kila mara tuliitupia lawama baridi.

Baridi ya Kinangop ni kali, sikatai. Lakini mwanakondoo huzaliwa bila kinga yoyote ya maana. Kondo la nyuma la mnyama huyu halipitishi kingamwili za mama kama la binadamu, kwa hiyo zote hana budi kuzinywa kwenye dang'a. Utumbo wake huzipokea zikiwa nzima kwa muda mfupi tu: baada ya saa 6 uwezo huo unapungua sana, na ikifika saa 24 umekwisha. Mafuta yaliyomo kwenye dang'a hiyohiyo ndiyo kuni zake za usiku wa kwanza. Wengi tuliosema wameuawa na baridi, nashuku walikufa njaa.

Mwanakondoo wa kilo 4 anataka mililita 200 hivi mapema baada ya kuzaliwa, na karibu mililita 800 kabla ya siku kwisha. Pacha, zidisha mara mbili. Wanaokama dang'a ya kwanza na kuimwaga kwa sababu ni ya manjano na inanata, tafadhali acheni. Ule ubora wote umo humo, na kila saa inayopita baada ya kuzaa unapungua.

Kosa langu nami nilitaje. Mwezi wa Julai nilikuwa na chupa ya dang'a kwenye friza, na pacha mdogo ameshindwa kusimama. Kwa haraka nikaimimina kwenye sufuria, nikaiweka jikoni. Kufumba na kufumbua ikaganda kama yai. Kingamwili ni protini, nilizipika. Alfajiri yule mdogo alikuwa amekufa. Siku hizi nazamisha chupa kwenye maji ya vuguvugu ambayo mkono unayavumilia, na nasubiri.

Sasa lile dume. Kamati ilinunua dume wa kondoo wa aina ya Corriedale, na muuzaji aliapa kuwa binti wa dume huyo wana maziwa. Huenda ni kweli. Wingi wa dang'a hurithiwa kwa kiasi fulani, ila dume hana kiwele cha kukaguliwa. Ushahidi uko kwa mama yake, dada zake na binti zake, na muuzaji hakuwa na daftari. Binti wa dume huyu hatutawaona wakizaa kabla ya miaka 2 hivi. Tulinunua maneno, na mimi nilitia sahihi.

Lishe haingoji miaka 2. Huko Uruguay, majike wa Corriedale waliopewa mahindi katika wiki ya mwisho ya mimba walitoa dang'a nyingi zaidi, tena nyepesi, rahisi kwa mtoto kuinyonya. Sababu yake inaeleweka: wanga unampa jike sukari ya kutengenezea sukari ya maziwa, nayo sukari hiyo huvuta maji kiweleni. Sisi katika wiki hizo huwaacha majike kwenye nyasi kavu kando ya barabara, halafu tunashangaa kiwele kimelegea. Mahindi yaparazwe, na waanzishiwe kidogokidogo. Kondoo asiyezoea akishindiliwa nafaka anaugua.

Na chanjo za jike mwenye mimba zichomwe wiki 4 hadi 6 kabla ya kuzaa, ili kingamwili zipate muda wa kuingia kwenye dang'a. Mwaka huu wengi wetu tulichoma baada ya kuzaa.

Kamati inaomba mambo matatu: friza ya pamoja nyumbani kwa katibu, mirija ya kulishia wanakondoo tumboni, na daftari kila zizi likionyesha jike gani alizaa pacha na akawatosheleza. Majike hao ndio tutakaobakiza binti zao. Hela za dume wa pili zisubiri. Najua wapo wasiokubaliana nami. Kura ni baada ya chai.