Kabla hujaagiza Switch 2 kutoka nje, pitia hapa kwanza

Mama mmoja aliingia dukani kwetu na boksi la Nintendo Switch 2, mashine ya kuchezea gemu, kwenye mfuko wa rambo. Nikamwamkia, akaitikia, akaliweka boksi kaunta. "Mwanangu, hiki kidude kimegoma kuongea Kiingereza."

Shemeji yake alikinunua kwa muuzaji wa mtandaoni huko Dubai, kwa bei iliyoachana mbali na bei ambazo mama alikuwa ameziulizia Kariakoo. Mtoto kafunga shule, kakiwasha, kahangaika na menyu jioni nzima hadi kakata tamaa. Nikaingia kwenye mipangilio, nikashuka mpaka chini nikitafuta pa kubadili lugha. Hapakuwepo. Nikaligeuza boksi: Kijapani juu, Kijapani chini.

"Mama, hiyo Toyota IST yako hapo nje, redio yake inaongea lugha gani?"

Akacheka. Halafu akaacha kucheka.

Tangu siku ile tumepokea simu kadhaa za swali hilohilo, ndiyo maana tunaandika. Japani kunauzwa Switch 2 za aina mbili. Moja ilitoka mwaka 2025 kwa yeni 49,980, na jina lake rasmi linasema wazi kwamba ni ya Kijapani na ya matumizi ya ndani ya nchi. Nyingine ilitoka kwa yeni 69,980, na hiyo ndiyo yenye lugha nyingi. Tofauti hiyo ya yeni 20,000 ilikuwa na sababu yake. Yeni imeshuka thamani, na mashine ya bei rahisi isingekuwa na kizuizi, wachuuzi wangezibeba zote kuzipeleka nje na Mjapani mwenyewe angekosa.

Kizuizi chenyewe si lugha peke yake. Mashine ile inakubali akaunti ya Nintendo iliyosajiliwa Japani tu, na duka lake la mtandaoni ni la Japani tu. Duka hilo tangu Machi 2025 halipokei kadi za malipo zilizotolewa nje ya nchi, kwa hiyo kadi yako ya benki ya hapa, au ile unayotengeneza kwenye simu, haitapita. Kadi ya gemu ukiichomeka, gemu nyingi za Nintendo hufuata lugha ya mashine. Na kabla hujauliza: hatuiflashi, yaani hatuibadilishii programu ya ndani. Anayekuahidi kukubadilishia lugha kwa laki moja, mwambie aifanye mbele yako ndipo umlipe.

Hiyo ni moja tu. Switch 2 ilitoka tarehe 5 Juni 2025 ikiwa na orodha ndefu ya "huruhusiwi", na wachezaji duniani walipiga kelele kweli. Hata kabla haijatoka, mwezi Aprili, Nintendo walipokuwa wanaonyesha gemu moja kwa moja mtandaoni, watazamaji walijaza ujumbe uleule: shusheni bei. Marekani mashine ilipangiwa dola 449.99 na gemu la Mario Kart World dola 79.99. Bei haikushuka, na zikauzwa mashine zaidi ya milioni 3.5 ndani ya siku nne za kwanza.

Wakongwe watakumbuka mwaka 2013 mambo yalikwenda tofauti. Microsoft walitangaza mashine yao ya Xbox One ambayo ilitakiwa iingie mtandaoni angalau mara moja kila saa 24, na diski iliyotumika isingeuzwa wala kuazimwa kiholela. Washindani wao Sony wakasimama jukwaani Los Angeles tarehe 10 Juni, wakasema mashine yao ya PS4 haina hayo na ni dola 399 dhidi ya 499 za mwenzao, ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Kufika tarehe 19 Juni Microsoft walikuwa wamerudi nyuma. Safari ile mteja alikuwa na pa kukimbilia. Mario ni wa Nintendo peke yao, anayemtaka akakimbilie wapi?

Sasa, katika kelele zote za huko nje, kuna moja ambayo sisi wa huku inatuumiza kuliko wao: kadi za ufunguo. Unanunua kasha dukani, ndani kuna kadi kama kawaida, lakini gemu lenyewe halimo. Kadi ni ruhusa tu. Unaichomeka, mashine inakwenda mtandaoni kupakua gemu zima, na hata baada ya hapo bado unatakiwa uiache kadi ndani kila unapocheza. Mtu wa Ulaya mwenye intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo analalamika kwa sababu ya kanuni, anasema amenunua kitu tupu. Mteja wetu wa Mbagala analalamika kwa sababu gemu moja linaweza kula bando la mwezi, na likikatikia njiani usiku anaamka asubuhi hana gemu wala bando. Ukimwazima rafiki kadi hiyo, naye aanze kupakua upya.

Kasha la kadi ya ufunguo lina alama ya ufunguo mbele, chini, pamoja na onyo la kupakua. Iangalie kabla hujalipa. Si gemu zote ziko hivyo, Cyberpunk 2077 kwa mfano imo nzima kwenye kadi ya GB 64. Ukinunulia kwetu na huna bando, njoo na mashine yako, tunakupakulia dukani bure. Uwe na subira tu, foleni ya Jumamosi huwa ndefu.

Memori nazo zinawapiga watu chenga. Switch ya zamani ilikula microSD yoyote. Hii mpya kwa gemu inataka microSD Express tu. Ile ya kawaida uliyonayo itakusaidia kuhamisha picha na video ulizorekodi, basi. Kuitambua Express ni rahisi: igeuze upande wa nyuma. Ya kawaida ina mstari mmoja wa vipande vya shaba, Express ina mstari wa pili chini yake, na mbele imeandikwa EX. Tumeshaletewa kadi feki iliyoandikwa EX mbele na nyuma ina mstari mmoja. Kituo cha kuchomekea TV cha Switch ya zamani nacho hakifanyi kazi kwenye hii, usidanganywe kukinunua.

Tuje kwa wanaonunua mtumba, maana hapa ndipo fedha nyingi inapopotea. Mei 2025 Nintendo wa Marekani walibadili masharti yao, wakajipa haki ya kuifanya akaunti au mashine isitumike tena, yote au sehemu yake, kwa anayekiuka. Mashine ilikuwa haijamaliza hata mwezi sokoni, watu waliotumia kifaa cha MIG kuchezea nakala za gemu wakaanza kufungiwa na kukutana na namba ya kosa 2124-4508. Mashine iliyofungiwa inawaka, na gemu iliyomo kwenye kadi inacheza, ila mtandaoni haiingii. Kadi ya ufunguo kwake ni plastiki. Na kifungo kiko kwenye mashine yenyewe: ukiifuta yote na kuweka akaunti mpya, bado imefungwa. Zamani PS2 iliyochipiwa, yaani iliyowekewa chipu ya kuchezea nakala, ilikuwa na soko zuri kuliko isiyochipiwa. Mambo yamegeuka.

Kwa hiyo mtu akikutajia bei nzuri ya Switch 2 iliyotumika, mwambie mkutane kwetu. Tunaiunganisha na Wi-Fi, tunafungua duka la Nintendo, tunajaribu kupakua kitu kidogo cha bure, tunatazama lugha na kupima bandari zote mbili za USB-C. Ni dakika 20 na shilingi 10,000, analipa mnunuzi. Muuzaji akisema yeye "hana muda wa kuja dukani", umeshapata jibu na hutudai chochote. Mashine ikigoma kuingia mtandaoni hatuwezi kuifungua, na kwenye kununua mtumba sisi wenyewe hatuigusi.

Mashine ya yule mama muuzaji alikataa kuirudisha. Tumeiweka kabatini kwetu tumuuzie, na karatasi yenye maandishi makubwa: KIJAPANI TU. Juzi kijana mmoja alitaka kuichukua kwa sababu ya bei. Nikampa aiwashe, nikamwomba anisomee menyu. Bado ipo.