Siku ya mwisho Mafia msiwauzie watu mbizi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Ni ndefu kidogo lakini nakuomba usikate pale penye masaa ya kungoja kati ya mbizi na ndege, maana hapo ndipo penyewe.

Mwezi wa kwanza mimi na shoga yangu, ambaye ni mwalimu Iringa, tulienda Mafia siku tano. Hela tuliweka kwenye kibubu karibu mwaka mzima. Ajenti mmoja wa hapa Dar (jina nalihifadhi, nimeshaongea naye) akatupangia kila kitu, ndege kwenda na kurudi, gesti, siku ya kwanza kuogelea na papa potwe Kilindoni, halafu siku zinazofuata kupiga mbizi na mtungi wa hewa mgongoni kwenye ghuba ya Chole, na siku ya tano asubuhi mbizi ya kuagia, saa tisa mchana ndege. Tukaona ametutendea haki, hajapoteza hata nusu siku.

Na bahari kwa kweli ilitupa. Sisi ni wageni wa mtungi kwa hiyo hatukupelekwa Kinasi, ule mlango wa kutokea bahari kuu, kule maji yanavuta na wanaenda wazoefu tena wakati maji yanajaa, sisi tulibaki ndani ya ghuba mita kumi, mwisho 12. Unaziba pua unapuliza taratibu mpaka masikio yanafunguka, ndio unashuka tena kidogo. Shoga yangu alikuwa amefunga nywele na kitambaa chekundu cha kanga, tulivyofika chini nakiona kimekuwa rangi ya tope, nikadhani macho yangu yameharibika, kumbe wekundu ndio rangi ya kwanza kupotea ukienda chini. Kasa mmoja amelala chini ya tumbawe, ametuangalia mara moja akaendelea na mambo yake. Mimi nimekulia Temeke, bahari naijua ya kupunga upepo jioni na kurudi nyumbani na mchanga kwenye viatu. Mafia ndiyo hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania, tangu 1995, na kila mwenye uwezo wa kujibana namwambia aende.

Sasa siku ya tano. Tumetoka majini saa nne na nusu asubuhi, tunasuuza vifaa kwenye beseni la maji baridi pale Utende, kijana aliyetuongoza, mzaliwa wa kisiwani hapo hapo, akauliza tu kwa kupiga stori, "Dada zangu mnaondoka lini?" Shoga akamjibu leo saa tisa, ndege. Yule kijana akaweka mtungi chini. Akasema, "Leo hampandi ndege. Mlitakiwa kuniambia kabla." Tukamuuliza kabla ya nini, hakuna mtu alituuliza. Na kweli fomu tuliyojaza ina pumu, ina moyo, ina mimba, haina sehemu ya kuandika unaondoka lini na kwa usafiri gani.

Alivyotuelekeza ni hivi na mimi nimeshasoma baadaye nikakuta ni hivyo hivyo. Ukiwa chini mita kumi unakandamizwa mara mbili ya huku juu, na hewa ya mtungi sehemu kubwa ni naitrojeni, hiyo mwili hauitumii, inajipenyeza kwenye damu na kwenye nyama na inahitaji muda kutoka. Ukipanda juu haraka, iwe kutoka majini au kwa ndege, presha ikapungua, inatoka kama soda uliyoitikisa ukaifungua. Mapovu hayo yakikaa kwenye viungo unaumwa goti au bega, yakikaa kwenye uti wa mgongo unaweza kupooza. Tiba yake ya kwanza ni oksijeni, na baada ya hapo chumba maalum cha presha ambacho hukikuti kila hospitali ya wilaya. Ndiyo maana ukipiga mbizi moja tu unangoja si chini ya masaa 12 kabla ya kuruka, na ukipiga siku kadhaa mfululizo kama sisi, si chini ya 18, na wengi wanasema bora ufikishe 24. Sisi tulikuwa na manne na nusu.

Nikampigia ajenti. Akasema ile ni ndege ndogo, haiendi juu. Jamani, ndege ndogo zile hazina presha ya ndani kama makubwa, ikipanda futi elfu kadhaa na mwili wako umepanda hizo hizo. Hata bila ndege, mtu akitoka majini akakimbilia gari kupandisha milimani ni hatari ile ile, Iringa kwa shoga yangu ni zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari.

Hela ya tiketi za ndege ikapotea. Tukalala Kilindoni usiku mmoja wa ziada, kila shoga akigeuka kitandani nauliza bega linauma? Kesho yake tukapanda kivuko mpaka Nyamisati, na kutoka hapo basi mpaka Mbagala.

Kwenye kivuko alikaa karibu yetu mzee anatembea na fimbo. Aliposikia tunaongelea mitungi akatuambia ujana wake alikuwa anazamia majongoo bahari kwa hewa ya kompresa, ile mashine ya juu inayokusukumia hewa kwa mpira, siku nzima, kushuka na kupanda, hakuna aliyewaambia kuhusu masaa. Mtu akipanda analia miguu wanasema kapigwa na jini la bahari, wanamkanda, wanamsomea. "Mwenzangu alikandwa miezi miwili akafa, mimi nikabaki na huu mguu." Alisema akiangalia maji. Sikuwa na la kumjibu mzee wa watu, nikampa pole.

Mhariri, ninachoomba ni kidogo na hakina gharama. Ajenti wageuze tu ratiba, mbizi ziwe mwanzo na papa potwe siku ya mwisho, kwa sababu yule unaogelea naye juu juu bila mtungi. Au siku ya mwisho watu wapelekwe Chole kuona popo, au Juani kwenye magofu ya Kua. Vituo vya kupigia mbizi waulize siku na saa ya kuondoka kabla mtu hajavaa mtungi. Na gazeti lako lina wasomaji mpaka kwenye madiko, naomba muandike habari ya naitrojeni kwa Kiswahili cha kawaida, muwahoji madaktari, ili vijana wanaozama na kompresa leo waijue wakiwa bado na miguu yote miwili.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam