Barua kwa Ja-Gem kuhusu ile amplifaya yetu

Manyatta, Kisumu

Omera Ja-Gem,

Nimeona heri nikuandikie kuliko kupiga simu tena. Jumapili uliniuliza kama ni kweli nimeiweka amplifaya kando, nikasema ndiyo, halafu ukanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Ule ukimya umenikaa rohoni wiki nzima. Ile amplifaya si yangu peke yangu. Tulichanga nusu kwa nusu tukainunua kwa yule Mmarekani aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, na kwa miaka 6 wewe ndiwe uliyeshika upande wa kushoto kila tulipoipandisha garini. Una haki ya kusikia habari yote.

Kwanza ni uzito. Fender Twin Reverb inakaribia kilo 30, hilo unalijua kwa mikono yako. Tena yetu ni ya volti 120 za kwao, kwa hiyo kila mahali ilifuatana na ile transfoma ya kushusha 240 zetu, nayo ni chuma kitupu. Tulipokuwa wawili haikuwa kitu. Ulipohamia Nakuru nilibaki nikiibeba peke yangu, au kubembeleza kijana wa mtaani anisaidie huku nikimsihi asiiangushe. Gari lilikuwa lazima, maana hakuna mwenye boda anayekubali mzigo ule. Kuna harusi niliyorudi nayo kutoka Luanda ya Vihiga nikagundua kwamba mwenye Probox amekula zaidi ya nusu ya malipo yangu. Na asubuhi yake sikuweza kuinama kufunga viatu.

Ila mgongo peke yake usingenibadilisha. Kilichonibadilisha ni usiku mmoja wa matanga kule Alego. Jenereta ilikuwa ndogo, na wenyeji wameiunganisha na taa, spika, friji ya soda na sisi. Ilipozidiwa, volti zilishuka, taa zikafifia, na gitaa langu likalegea katikati ya solo kama mtu anayesinzia. Kisha mtu akazima friji. Umeme ukaruka juu ghafla, fyuzi ikakatika. Nilipoweka nyingine, valvu moja kubwa, zile taa za kioo zinazokuza sauti, ilikuwa imekufa. Unajua zile nne za nyuma, 6L6, zinavyotaka kulingana. Huwezi kuchomeka yoyote uliyookota. Niliagiza seti Nairobi, nikasubiri wiki 3. Yule mzee fundi wa redio pale Kibuye, aliyejifunza kazi enzi redio zenyewe zilikuwa za valvu, ndiye aliyezifunga. Alinikataza tena kabisa kuingiza mkono mle ndani hata kama nimechomoa waya ukutani, kwa sababu mle mna zaidi ya volti 400 na kapasita huzishikilia baada ya stima kukatwa. Wiki zile 3 nilikaa bila kazi, na ndipo nilipoanza kuuliza wenzangu wanapigia nini siku hizi.

Nilichonunua ni Line 6 HX Stomp, kifaa cha kidijitali kinachoiga amplifaya, mkono wa pili, kutoka kwa mpiga gitaa mmoja wa Nairobi. Nimeilipa kwa miezi 8. Ina uzito wa kilo moja na kidogo, unaikanyaga kwa mguu, na inaingia kwenye mfuko wa mbele wa begi la gitaa. Sasa napanda boda pale Kondele na gitaa mgongoni, basi.

Najua unalofikiri, kwamba ni kanda iliyorekodiwa. Hata mimi nilifikiri hivyo. Lakini kifaa hiki hakichezi sauti iliyohifadhiwa. Kinapokea mtetemo wa nyuzi zako, kinaugeuza kuwa tarakimu makumi ya maelfu ya mara kila sekunde, na programu yake inakokotoa kila hatua ya saketi ya valvu ingeufanya nini mtetemo huo. Ukigusa uzi kwa upole unabaki safi, ukiupiga kwa nguvu unakwaruza kidogo pembeni, kama kule kwetu. Mle ndani Twin ipo, wameipa jina la US Double. Halafu kuna kabati la spika. Hilo wamelichukua kwa kupitisha sauti ya majaribio kwenye spika halisi iliyowekewa maikrofoni, wakanasa jinsi inavyoitikia, na alama hiyo ndiyo inayovikwa gitaa lako. Ukiizima alama hiyo, gitaa linalia kama nyuki ndani ya mkebe. Na ukiiacha wazi ukapitisha gitaa kwenye amplifaya nyingine ya gitaa, unakuwa umevaa spika mbili, sauti inakuwa kama ya mtu anayesema chini ya blanketi. Kosa hilo nililifanya kanisani Jumapili nzima kabla sijalielewa.

Jambo jingine lililonitia hofu ni ucheleweshaji, maana watu walisema kompyuta lazima ikawie. Ni kweli inakawia, milisekunde 2 au 3 hivi. Lakini sauti yenyewe hewani inahitaji karibu milisekunde 3 kukata mita moja. Kwa hiyo ni kama umerudi hatua moja nyuma kutoka kwenye spika yako. Wewe ulikuwa unasimama hatua nne na hukuwahi kukosa pigo.

Siku ya kwanza kuipeleka kazini ilikuwa harusi ya Maseno, na nilipata tabu kubwa. Sauti nilikuwa nimeitengeneza nyumbani usiku, hedifoni masikioni, taratibu nisiwaamshe watoto. Sikujua kwamba sauti ikiwa ndogo sikio halisikii vizuri besi wala zile kali za juu, kwa hiyo mkono unaziongeza zote mbili bila mwenyewe kujua. Pale uwanjani spika kubwa zilipofunguka, gitaa langu lilizama ndani ya besi, na yaliyobaki juu yakawa yanachoma masikio ya akina mama waliokaa mbele. Tena fundi wa mitambo alikuwa na monita mbili tu, zile spika za kujisikilizia jukwaani, zote za waimbaji. Wimbo wa kwanza nimeupiga wote nikiangalia vidole vya mpiga besi, kwa sababu sikujisikia hata kidogo. Nilikumbuka amplifaya yetu siku ile mpaka machozi yakanilenga.

Nilirekebisha mambo mawili. Nilikwenda Dunga mchana, kwa rafiki mwenye ukumbi, nikafungua spika kwa sauti ile ile ya kazini, nikakata kila kilichokuwa chini ya hezi 100 na juu ya hezi 6,000 hivi. Nikiwa peke yangu niliona gitaa limekonda, lakini bendi ilipoingia likakaa mahali pake sawasawa, juu ya besi na chini ya sauti ya mwimbaji. Kisha nikanunua spika ndogo ya inchi 10 yenye nguvu zake ndani, naiweka kati yangu na mpiga ngoma. Kifaa kina matundu mawili ya kutolea sauti, moja linakwenda kwa fundi wa mitambo, jingine kwa spika hiyo. Mwenye boda anaifunga nyuma kwa mpira. Hapo ndipo bendi iliporudi kuwa bendi, maana benga haipigwi na mtu mmoja. Mpiga solo lazima aisikie ridhim, lile gitaa la pili, ikimjibu, na mpiga besi lazima aone solo anaelekea wapi, la sivyo kila mtu anapiga wimbo wake.

Sasa nikuambie kitu ambacho Twin haikunipa hata siku moja. Ni pakruok. Unakumbuka mtu akinyanyuka na pesa yake kujisifu na kusifu ukoo wa mkewe, sisi tunatakiwa kushuka papo hapo, muziki uendelee chini chini asikike, halafu akimaliza tunapanda tena kwa kishindo. Nilikuwa nashusha kwa kitufe cha gitaa, na kila nikishusha ile sauti kali ya juu inazimika, gitaa linakuwa zito kama limelowa. Siku hizi nakanyaga swichi moja. Ukubwa unashuka, rangi ya sauti haibadiliki. Nakanyaga tena, nimerudi. Kule Ahero mwezi uliopita wazee walikuwa wanapokezana kusifiana karibu saa nzima, na kati ya mmoja na mwingine gitaa linachomoza kama jua. Mwenye sherehe alikuja kunishika mkono. Hakuuliza kuna nini ndani ya begi.

Hapa nitasema lililo moyoni, omera. Mimi na wewe tumejifunza benga wapi? Kwenye kaseti za Shirati Jazz, utepe umechakaa, zikipigwa na redio ya mjomba yenye spika ndogo kuliko kiganja. Hakukuwa na Twin pale, hakukuwa na spika za inchi 12. Na bado gitaa lilipoanza tu tulijua ni nani, hata kabla Misiani, kiongozi wao, hajafungua mdomo. Mkono ulipita kwenye utepe, ukapita kwenye ile redio, ukatufikia. Nimelifikiria hili sana usiku. Kile kidole gumba na cha shahada vinavyopokezana, vilivyotoka kwa wapiga nyatiti na nyuzi zao 8, havikungojea valvu ili viwe vyenyewe. Hata ile Roland JC-120 uliyokuwa ukiitamani, iliyotoka 1975, haina valvu hata moja, na ni nani aliyewahi kusema haitoi gitaa safi?

Hata hivyo sitakuficha. Kuna kilichopotea. Ukisimama mbele ya Twin, hewa inakusukuma miguuni. Noti ya mwisho ukiiachia inaning'inia na kukurudia kwenye mbao za gitaa, unahisi kwenye kifua kwamba chombo na amplifaya vimeshikana mikono. Hii ndogo ya inchi 10 haifanyi hivyo. Nasikia vizuri, lakini sisukumwi. Mpiga ngoma wetu naye alisema hivyo bila mimi kumuuliza. Na kuna siku stima hukatika na kurudi. Twin ingehitaji tu valvu zipate moto tena, ila kifaa hiki kinajiwasha upya kama simu, na sekunde zile za kungoja, watu wote wamekutazama, ni ndefu mno. Nimekiwekea UPS ndogo ya kompyuta, ile betri ya akiba ya chini ya meza. Spika kubwa zikizimika tumenyamaza sote, lakini jenereta ikishika mimi tayari nipo.

Amplifaya yetu haijauzwa, na haitauzwa bila neno lako. Iko chumba cha mbele, nimeifunika kwa ile leso ya mama, nyuma imezibwa kwa wavu kwa sababu ya wadudu wa ziwa. Naiwasha kila Jumamosi, naipa saa moja, maana fundi wa Kibuye alisema kapasita zikikaa muda mrefu bila stima zinaharibika. Na saa ile moja sipigi nyimbo za kazi. Napiga zile zetu za zamani, sehemu yangu tu, naacha nafasi zako wazi.

Nimewaza mambo mawili, uchague. Ibaki hapa tuitumie kurekodi, kwa sababu ndani ya chumba, mbele ya maikrofoni, bila jenereta na bila barabara ya murram, bado sijasikia kinachoishinda. Au ije kwako Nakuru. Hali ya hewa ya huko ni kavu kuliko hii yetu ya ziwani, na wewe hupigi mbali, ukumbi wako uko mtaa wa pili. Kama ni ije, nitaisindikiza mwenyewe hadi mlangoni kwako, nitatoa zile valvu zote 10 nizifunge moja moja kwa magazeti, na transfoma nitaipakata.

Lakini kabla ya hapo kuna harusi ya dada yake mpiga besi, Desemba, kwao Kendu Bay. Wanataka magitaa mawili. Nimewaambia mpiga ridhim ninamjua. Ukikubali, usibebe chochote ila gitaa lako. Kifaa hiki kina tundu la pili la kuingizia, na nimeshatenga nafasi yako humo, safi, mwangwi kidogo tu kama unavyopenda. Niambie mapema, ili Jumamosi inayofuata nianze kukurekebishia sauti yako badala ya kuikisia.

Salamu kwa nyumba yako, na watoto.

Ndugu yako,
Ja-Seme