Barua kwa mwanangu: njoo na miguu yako

Unguja, Jumapili, baada ya alasiri

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo. Mama yako goti linamsumbua, lakini anapanda ngazi na kushuka kuliko hata alipokuwa mzima, kwa sababu ya harusi. Nakuandikia kwa kalamu, kisha mtoto wa ami yako atazipiga picha kurasa hizi akutumie. Ningeweza kukupigia simu. Simu lakini unaikata panapokuuma, barua utaisoma hata kwa hasira.

Ujumbe wako kuhusu kile chombo nimeupata. Nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nilivaa miwani. Kwamba hutoweza kuja kwenye harusi ya mdogo wako, lakini utakodi Dar kidude cha magurudumu chenye kioo juu kama sinia, uso wako utokee humo, na utakiendesha mwenyewe ukiwa Tokyo, kizunguke kuwaamkia wazee. Umeeleza vizuri. Umeniandikia mpaka urefu wake, mita moja na nusu, kana kwamba hofu yangu ni kuwa utaonekana mfupi.

Nina swali moja. Unatoka nje?

Juzi usiku, umeme uliporudi, mtoto wa ami yako alituwekea filamu ya Kimarekani ya mwaka 2009, anacheza Bruce Willis. Kaniambia, "Ami, kazi ya kaka ndiyo hii." Watu wamejilaza vitini majumbani mwao, na huko nje zinatembea roboti zao, nzuri, hazina kunyanzi wala kitambi. Bruce Willis, ndiye polisi humo, mwenyewe kipara, roboti yake ina nywele za rangi ya dhahabu. Tulicheka pale. Halafu ikaja silaha ambayo inayopigwa ni roboti barabarani, na anayekufa ni mtu aliyelala kitini kwake. Vijana wakasogea mbele kwa msisimko. Mimi fikra zangu zilikuwa bado zimebaki nyuma, kwenye mlango mmoja wa filamu ile. Maana yule polisi ana mke, na walifiwa na mtoto, na mke kajifungia chumbani kwake. Anayetoka kuzungumza na mume ni roboti, kapendeza, anajibu kila neno. Mwenyewe yumo ndani na uso wake wenye kovu. Mume anamwambia anamtaka yeye, si hiyo. Vijana wakasema hapo panachosha, wakataka kupeleka mbele. Niliwakatalia.

Usiku ule sikulala vizuri. Wewe mwezi wa nne huu simu yako ya video haifunguki. "Mtandao mbaya, Baba." Mtandao wa Tokyo mbaya, wa Jang'ombe mzuri? Na huo huo mtandao mbaya ndio utakaoendesha roboti mpaka ukumbini?

Basi nauliza tena: unatoka nje? Chakula cha usiku unakula na nani? Nilisikia redioni kuwa serikali ya Japani ilifanya uchunguzi mwaka 2022, ikakadiria watu milioni 1.46 hivi, wa umri wa miaka 15 mpaka 64, wamejitenga na wenzao, wengi hawatoki majumbani. Wana jina lao kabisa, hikikomori. Wakati ule nilisema maskini, watoto wa wenyewe, nikabadilisha idhaa nikasikilize mpira.

Usidhani kazi yako siijui thamani. Barazani naisema mpaka watu wananiaga mapema. Niliwasimulia ule mkahawa wa Nihonbashi, huko huko Tokyo, uliofunguliwa mwaka 2021, uliokwenda kuuona ukanitumia picha: vile viroboti vyeupe vinavyokaa mezani na kuzungumza na wateja, na vile vikubwa vinavyobeba kahawa. Nikawaeleza kuwa wanaoviendesha ni watu walio majumbani na hospitalini, wasioweza kutoka kitandani, na wengine maradhi ya misuli yamewaachia macho tu, basi wanaviongoza kwa macho, na mshahara wanapokea. Na kuwa aliyevibuni, Kentaro Yoshifuji, mwenyewe utotoni aliugua akakosa skuli miaka mitatu na nusu. Baraza lilinyamaza. Jirani yetu wa nyumba ya bati jekundu, unamjua, ambaye kijana wake tangu ile ajali ya bodaboda hainuki, akaniuliza taratibu, "Kinauzwa kiasi gani?" Sikuwa na jibu. Mjibu yule mtu, tafadhali, hata kama mengine yote ya barua hii utayapuuza.

Lakini yule kijana kile chombo kingekuwa ndiyo miguu yake. Ya kwako mimi nimeinunulia viatu tangu namba ndogo kabisa, naijua kuwa ipo.

Uliniletea hoja ya yule daktari wa Kifaransa, Marescaux, aliyekaa New York mwaka 2001 akaendesha mikono ya mashine iliyokuwa Strasbourg, akamtoa nyongo bibi wa miaka 68. Nimekubali, ni jambo kubwa, ng'ambo ya bahari nzima. Nimeuliza tu, yule bibi alipozinduka, uso wa kwanza kuuona ulikuwa wa nani? Hukunijibu, ulinitumia kikatuni cha kucheka.

Ukanitumia tena picha ya mahafali ya chuo kimoja cha Tokyo, Machi 2020, roboti zimevishwa majoho na kofia, vichwa vyake ni vioo vyenye nyuso za wanafunzi, zinasogea moja moja kupokea shahada. Ilikuwa korona ile. Watu walifungiwa na maradhi. Wewe umefungiwa na nani?

Na yule profesa wa Osaka, Ishiguro, aliyejitengenezea roboti ya sura yake mwaka 2006, nilimwonesha mama yako. Akaangalia sana, akasema, "Mkewe anamjuaje?" Basi.

Sasa tuje kwenye mambo ya mtu mzima. Nyumba hii ina ngazi tatu za kuingilia, nawe unajua ya kati imemeguka. Hicho kidude kitapandaje? Kibebwe? Yaani kaka wa bi harusi abebwe na vijana wanne kama kabati? Umeme ukikatika, na wiki hii umekatika mara mbili, utazimika mbele ya wakwe. Watoto nao unawajua, kitamwagiwa urojo kabla hujamaliza shikamoo ya pili. Bwana harusi akija na watu wake, anayesimama mlangoni kumpokea ni wewe. Kioo hakishikwi mkono. Ndoa itafungwa saa kumi alasiri, kwenu itakuwa saa nne usiku. Nakuona kabisa, chumba kimefungwa, umejilaza kwenye kiti chako kama wale, unatuamkia.

Sheikh nimemuuliza. Kasema katika ndoa uwakili upo, hata bwana harusi anaweza kumweka mtu akamkubalia na ndoa ikasihi. Nikamwambia najua, sikuuliza hilo.

Najua kwa sababu mwaka ule ule wa yule daktari, 2001, dada yako mkubwa aliozwa na ami yako. Karatasi ya uwakili niliiandika Muscat, juu ya katoni la vipuri, ghala lina joto jasho linadondokea wino. Ruhusa ilikataliwa. Na tiketi ingekula fedha za mlango huu wa mbele na bati la jikoni. Sababu zangu zote zilikuwa za kweli, mwanangu. Na zako naamini ni za kweli. Lile la kaseti unalijua, silirejei.

Wiki iliyopita alikuja, dada yako, kumsaidia mama yako kupanga kabati, wanatafuta ule ushungi wa bibi yako wa kumvisha mdogo wako. Mimi nipo kitini na gazeti. Akatoa bahasha, akaifungua, akasoma. Ni ile karatasi. Akaikunja kwa mikunjo yake ile ile ya zamani, akaipapasa juu ya goti mpaka ikalala, akairudisha chini ya mashuka. Hakusema kitu. Akaniuliza kama nataka chai. Nikasema nataka, na chai nilikuwa nimekunywa sasa hivi.

Mama yako anasema mchele umepanda tena na wageni wa upande wa bwana harusi wanaongezeka kila simu ikilia. Tumekubaliana pilau iwe ya mbuzi wawili na kuku, ng'ombe aachiwe wenye ng'ombe. Ule muembe wa nyuma nimeupunguza matawi ili turubai lipate nafasi. Usikasirike, lile tawi lako nimeliacha. Pampu ya maji imeanza tena kupiga kelele zile, fundi kaja, kaifungua, kaifunga, kadai elfu thelathini, kelele ziko pale pale. Ile fedha uliyotuma ya kubadilisha tangi sijaigusa. Tangi linavuja upande mmoja tu, tumetega ndoo. Fedha ipo kwa mama yako, kwenye kopo la kahawa. Kwa tiketi haitoshi lakini nusu imefika, na nusu nyingine nina mtu ninayemdai tangu mwaka juzi, safari hii nitamkalia mlangoni.

Umesema wiki ile mna maonesho ya kazi yenu mbele ya wakubwa. Waambie una harusi. Mtu anaposema "kesho yangu, kazi yangu" mimi namuelewa sana, nimelisema neno hilo miaka kumi na moja, na wale wakubwa niliokuwa nikiwaogopa leo hata nikikutana nao Darajani hawatonijua. Kama wanakatalia ruhusa, niandikie, niijue sababu yenyewe. Na kama si kazi, kama ni uso tu, umekonda, una madeni, umeacha skuli, umeumwa, umeoa, chochote kile, njoo nacho hivyo hivyo. Hapa kila mtu ana lake. Ami yako alirudi Dubai na begi la mkononi tu na tulimchinjia.

Usile zile tambi za kumwagia maji ya moto kila siku. Ijumaa nenda msikitini japo mbali, si kwa ajili ya swala peke yake, utaulizwa hujambo. Usimkopeshe mtu pesa ya kodi yako ya nyumba. Na nywele, kama umezifuga tena, usizikate kwa ajili yangu, mimi nishazeeka kwa ugomvi huo.

Nilisahau kukwambia mwisho wa ile filamu. Roboti zote zinazimika kwa mara moja, zinaanguka barabarani, halafu milango inafunguliwa mmoja mmoja na watu wenyewe wanatoka, na nguo zao za kulalia, wanatazamana. Mama yako alikuwa anapita na sinia, hakuwa ameiangalia tangu mwanzo. Akasimama. Akasema, "Wamedhoofika, jamani." Akaenda jikoni. Usiku, taa zimezimwa, akaniuliza kama nadhani na wewe umekonda. Nikamwambia mtoto yule ana mwili wa ukoo wetu, hakondi. Nilisema hivyo ili alale.

Sasa kanzu. Fundi wa Mchangani anashona za wanaume wote wa nyumba kitambaa kimoja, na anataka vipimo vyote kabla ya Alhamisi. Vyako vya miaka mitano nyuma anavyo kwenye daftari lake, lakini mama yako kamkataza asivitumie. Kwa hiyo jipime: mabega, kifua, mkono, na urefu toka begani hadi kisigino. Usijipime peke yako kwa kamba ya chaja kama ulivyofanya mara ile, mikono ilikuja kama ya mtoto wa chuo cha Kurani. Mtafute mtu akupime. Mwenzio wa chumba, jirani, yeyote, mfungulie mlango aingie akupime, kisha niandikie ni nani.

Na namba za pampu nimezinakili nyuma ya karatasi hii, uangalie kama kipuri chake huko kinapatikana, ukibebe kwenye begi.

Baba yako