Barua ya wazi kwa Pelendur, Liwali wa Gondor, kuhusu dai la Arvedui na haki ya Fíriel

Mheshimiwa Liwali,

Salamu kwako na kwa wajumbe wote wa Baraza la Gondor.

Nakuandikia kuhusu barua mliyoletewa kutoka Arthedain, ufalme wa kaskazini, mwaka 1944 wa Enzi ya Tatu. Nasema ile ya pili, maana ya kwanza mliijibu. Katika ya kwanza Arvedui, mwana wa Mfalme Araphant, alidai taji la Gondor kwa hoja mbili: yeye ni wa uzao wa Isildur, na mkewe Fíriel ndiye mtoto pekee wa Mfalme Ondoher aliyebaki hai. Mkamjibu kwamba taji hilo ni la wazao wa Meneldil mwana wa Anárion, ndugu wa Isildur, peke yao, na kwamba Gondor urithi hupita kwa watoto wa kiume tu. Akawaandikia tena kwa utulivu, hoja kwa hoja. Mkanyamaza, na mpaka leo mmenyamaza.

Tunaoisoma habari hii katika viambatisho ambavyo J.R.R. Tolkien alivitoa mwaka 1955 mwishoni mwa riwaya yake The Lord of the Rings, wengi wetu tunaipita mbio. Ni kurasa chache, zimejaa majina, na msomaji ana haraka ya kufika kwenye vita. Mimi naona mambo mengi yaliyowapata baadaye, kaskazini na kusini, chanzo chake kimo humo, katika barua isiyojibiwa. Na kwa kuwa kumbukumbu zinasema wewe ndiye uliyekuwa mstari wa mbele kulikataa dai lile, nimeona nikuandikie wewe.

Najua mwaka ule ulikuwa mzito. Wainriders walikuja kutoka mashariki na magari yao, na Mfalme Ondoher akaanguka vitani kaskazini ya Morannon, lango la Mordor. Wanawe wote wawili, Artamir na Faramir, waliuawa. Ufalme mzima ukabaki mikononi mwako. Kisha akatokea Eärnil, jemadari wa jeshi la kusini, aliyewashinda Haradrim, watu wa kusini, huko Ithilien, akakusanya mabaki ya jeshi la kaskazini na kuwavamia Wainriders kambini mwao wakiwa katikati ya sherehe za ushindi. Hakuna mtu mwenye akili angembeza Eärnil. Alikuwa shujaa, alikuwa mtu wa busara, na alikuwa na damu ya kifalme. Wananchi walimtaka. Ningekuwa mjini Minas Anor siku zile huenda ningemshangilia pia.

Lakini tuangalie nasaba yake, maana ninyi wenyewe ndio mliosema suala ni nasaba. Eärnil ni mwana wa Siriondil, mwana wa Calimmacil, mwana wa Arciryas, na huyo Arciryas ni ndugu wa Mfalme Narmacil wa Pili, babu yake Ondoher. Maana yake, mlimruka binti wa marehemu, aliye hai, mwenye mume na mwenye kizazi, mkaenda kumtafuta kitukuu wa ndugu ya babu yake. Kwa hiyo ukaribu wa damu haukuwa na uzito kwenu. Kilichokuwa na uzito ni kwamba huyu ni mwanamume na yule ni mwanamke.

Sasa nije kwenye hoja ambazo hamkuzijibu.

Mlisema Isildur aliiachia Gondor nyumba ya Anárion moja kwa moja. Arvedui akasema hapana, alikabidhi. Nimeirudia habari ya Isildur nikiwa na swali hilo, na naona Arvedui ana haki. Baada ya baba yake Elendil na ndugu yake Anárion kufa vitani, Isildur alikaa kwanza Minas Anor. Alipanda hapo mche wa Mti Mweupe kwa kumkumbuka ndugu yake, akamfunza Meneldil kazi ya utawala, halafu ndipo akashika safari ya kaskazini kwenda kushika ufalme mkuu wa baba yake. Mtu anayeukana urithi wake hafanyi hivyo. Hivyo hufanya mwenye mali anayemwachia mtoto wa ndugu yake amana, naye ana safari. Hakufika. Aliuawa mwaka wa 2 wa Enzi ya Tatu pale Gladden Fields pamoja na wanawe watatu, na aliyebaki ni Valandil, mtoto mdogo aliyeachwa kwa mama yake Imladris, ndiyo Rivendell. Mlitaka mtoto yule avuke milima kuja kudai Gondor? Naelewa kwamba baada ya karibu miaka elfu mbili mliona hiyo ni habari ya kale, na wazao wa Isildur walikuwa hawajawahi kuidai. Hiyo ndiyo hoja yenu nzito kuliko zote, na mngeweza kuiandika. Hamkuiandika.

Hoja ya pili ndiyo inayonikera zaidi. Arvedui aliwakumbusha sheria ya Númenor, kwamba kule fimbo ya enzi ilimfikia hata mtoto wa kike. Si jambo alilolitunga. Mfalme Tar-Aldarion alikuwa na mtoto mmoja tu, binti yake Ancalimë, akaibadili sheria ili arithi, naye akarithi. Baada yake wakatawala Tar-Telperiën na Tar-Vanimeldë. Malkia watatu, katika nchi ambayo ninyi wa Gondor mnajivunia kila siku kwamba ndiyo asili yenu. Arvedui mwenyewe alikiri kwamba sheria hiyo haikufuatwa katika nchi za uhamishoni, yaani kwenu na kwake, kwa sababu ya vita visivyokwisha. Alichoomba ni kwamba irejewe pale ambapo watoto wa kiume wamekwisha, kama walivyokwisha wa Ondoher.

Na hapa, Liwali, naomba unisikilize vizuri. Elendil, ambaye jina lake liko juu kabisa katika orodha ya wafalme wenu, aliupata wapi ukoo wa kifalme? Hakutoka katika safu ya wafalme waliokaa kwenye enzi ya Númenor. Alitoka kwa mabwana wa Andúnië, na mabwana wa Andúnië walitoka kwa Silmariën, mtoto wa kwanza wa Tar-Elendil, mfalme wa nne. Silmariën hakutawala, kwa kuwa sheria ilikuwa haijabadilishwa. Enzi ilikwenda kwa mdogo wake Meneldur. Lakini damu ya wafalme ilishuka kwa mwanawe, ikashuka vizazi na vizazi mpaka kwa Elendil, na kutoka kwa Elendil ikawafikia Isildur, Anárion na huyo Meneldil mnayemtaja. Mfute Silmariën, na Gondor haina mfalme hata mmoja mwenye nasaba, Eärnil akiwemo. Kikao kizima cha Baraza kilikaa chini ya mamlaka yaliyotoka kwa mwanamke, kikaamua kwamba mwanamke hapitishi mamlaka.

Tena Fíriel hakuwa mgeni kwenu. Aliolewa mwaka 1940, miaka minne tu kabla ya hayo yote, wakati Gondor na Arthedain zilipoanza tena kushauriana baada ya ukimya mrefu, kwa kuona kwamba mashambulizi ya pande zote yanaongozwa na nia moja. Siku ya kutafuta undugu alikuwa binti wa mfalme. Siku ya mirathi akawa si mtoto.

Waliokaa kaskazini walilipa. Eärnil, kwa wema wake, aliahidi kumsaidia Arvedui atakapohitaji, na alipoombwa mwaka 1973 alituma merikebu chini ya mwanawe Eärnur. Zilifika kwa kuchelewa. Fornost, mji mkuu wa Arthedain, ilikuwa imeanguka mbele ya Mfalme Mchawi wa Angmar mwaka 1974, na Arvedui alikuwa amejificha kwenye machimbo ya kale ya Mabilikimo karibu na milima ya Ered Luin mpaka njaa ikamtoa. Aliokolewa na Lossoth, watu maskini wa theluji wa Forochel, waliompa chakula kidogo walichokuwa nacho na kumjengea vibanda vya theluji. Círdan, bwana wa bandari za Elves, alipotuma merikebu kumchukua, Lossoth walimvuta juu ya barafu kwa vigari vyao vya kuteleza, lakini mkuu wao akamwonya asipande: mabaharia walete chakula, na yeye angoje kiangazi, maana nguvu za Mfalme Mchawi hupungua wakati huo. Arvedui alimshukuru, akavua pete ya Barahir, akampa. Merikebu ikasukumwa na dhoruba, ikapondwa na barafu usiku, ikazama. Pete ile, Mheshimiwa, ndiyo ambayo Tar-Elendil alimpa binti yake Silmariën. Ilibaki mikononi mwa watu ambao hawakuuliza nasaba ya mtu kabla ya kumlisha.

Malbeth mtabiri alikuwa amesema tangu Arvedui anazaliwa kwamba Wadúnedain, yaani watu wa asili ya Númenor, watapewa uchaguzi, na wakichagua lile linaloonekana halina matumaini, mwanawe atabadili jina na kuwa mfalme wa nchi kubwa. Mlichagua lililoonekana na matumaini.

Na matumaini hayo yalidumu tawala mbili. Eärnil alikufa mwaka 2043. Eärnur, ambaye hakuoa wala hakuwa na mtoto, alikwenda Minas Morgul mwaka 2050 kujibu changamoto ya Mfalme Mchawi, na hakurudi. Hapo mkagundua kwamba hakuna tena mtu ambaye watu wote wangemkubali, na kila mmoja aliogopa kurudi kwa vita vya ndugu kama vya siku za Castamir, mnyang'anyi wa taji. Utawala ukashikwa na Mardil, wa ukoo wako, kwa kuwa tangu siku zako cheo cha uliwali kilikuwa kimekuwa cha kurithiwa. Sikutuhumu kwamba ulipanga hivyo. Sina ushahidi, na kazi waliyoifanya mliowazaa kuilinda Gondor naiheshimu sana. Nasema tu kwamba sheria ya watoto wa kiume mliyoisimamia kwa nguvu iliumaliza ufalme mliokuwa mnaulinda, na wakati huo huo uzao wa Fíriel ulikuwa hai kaskazini, baba kwa mwana, bila kukatika.

Uzao huo ndio uliorudi mwaka 3019. Aragorn aliposimama mbele ya lango la Minas Tirith, ndiyo Minas Anor ya siku zenu, liwali wa ukoo wako, naye anaitwa Faramir kama yule kaka yake Fíriel, alimtangaza kwa watu: wa uzao wa Valandil, mwana wa Isildur, mwana wa Elendil. Watu wakamkubali kwa sauti moja. Nimefurahi kila ninapoisoma siku ile. Lakini hata siku ile hakuna aliyetamka kwamba mfalme huyu ni wa Anárion pia, kupitia kwa binti wa Ondoher, na kwamba Aranarth, mwana wa Arvedui na Fíriel, kwa upande wa mama yake hakuwahi kuwa mgeni Gondor. Katika habari yote hii hakuna neno hata moja lililoandikwa kutoka kinywani mwa Fíriel. Hatuelezwi alikuwa wapi Fornost ilipoanguka.

Ombi langu kwa Baraza ni kwamba barua ya pili ya Arvedui ijibiwe kwa maandishi, hata kama jibu ni kukataa, na lijibu suala la Númenor na suala la Silmariën kwa majina. Na katika orodha ya wafalme inayotunzwa mjini, kati ya Ondoher na Eärnil, pale palipoachwa mwaka mmoja wa utawala wako, liandikwe jina la Fíriel binti Ondoher, na iandikwe kwamba mumewe alimdaia haki yake, na kwamba Baraza lilimnyima.

Nasubiri jibu.

Wako kwa heshima,
Msomaji wa historia ya Gondor