Usiache Kwanza, Mwanangu

Chumbageni, Tanga

Mwanangu Mwanahamisi,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, ila mvua imetushika tangu juzi. Ujumbe wako nimeusoma, na pale uliposema huenda ukaacha uzamivu ukatafute kazi ya hospitali, pamenikosesha usingizi.

Shangazi zako wakiniuliza unatibu ugonjwa gani, huwajibu hivi: seli ya ubongo ikitaka kusema na mwenzake humwaga kemikali kwenye mwanya mwembamba ulio kati yao. Isipoondolewa upesi, ujumbe haukomi. Mwanangu anachunguza protini zinazoirudisha ndani. Sodiamu, iliyo nyingi nje ya seli, ikiingia huivuta kemikali ile pamoja nayo, kama dau linavyoingia bandarini na maji kujaa. Hapo shangazi yako mkubwa huelewa mara moja, mumewe mvuvi.

Ulinitajia Julius Axelrod, yule mwanasayansi wa Marekani, nami nikatafuta habari zake. Miaka mingi alikuwa fundi wa maabara tu. Uzamivu aliupata 1955, akiwa ameshapita umri wa miaka 40. Watu walidhani noradrenalini, mojawapo ya kemikali hizo za ujumbe, humalizwa na vimeng'enya vinavyoivunjavunja. Vikazuiwa, na bado kazi yake ikakoma. Basi yeye na wenzake wakamwondolea paka fundo la neva upande mmoja wa shingo, neva za upande huo zikafa, kisha wakamdunga noradrenalini yenye mnururisho. Upande wenye neva hai uliinyonya. Ule mwingine, karibu hapana kitu. Jaribio hili nalipenda kuliko hata Nobeli aliyoipata 1970. Mnyama mmoja, pande mbili, jibu hilo hapo! Dawa za sonona kama fluoksetini, zinazozuia serotonini, kemikali nyingine ya ujumbe, isirudishwe ndani, zilikuja baadaye.

Na wewe umeshika GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza seli. Mjomba wako kifafa kimemwandama tangu utotoni, watu wakasema pepo, wakamvika hirizi. Leo ipo dawa ya kifafa, tiagabini, inayofanya kazi kwa kuzuia protini hiyohiyo unayoichunguza. Nani ataniambia kazi yako haina mgonjwa?

Seli zikikufia, otesha nyingine. Ukichoka, pumzika wiki nzima, ulale, ule vizuri. Lakini barua ya kuacha usiipeleke kabla hatujazungumza. Nitakupigia Ijumaa baada ya swala. Mjomba naye atakuwepo, ana maswali yake kuhusu hiyo GABA.

Mama yako