Anande, kuhusu ile flashi ya mirathi

Sakina, Arusha
Jumapili usiku

Anande wangu,

Habari za Pasua? Mfikishie mama shikamoo yangu, mwambie ndizi zilifika salama na watoto wamekula mtori siku mbili mfululizo. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nilikuwa kwenye Hiace sikusikia hata nusu, ya pili nimeifungulia nyumbani kila mtu kalala, nikaona bora nikuandikie kabisa maana hili la flashi nina mengi.

Umeuliza ipi nzuri ya kuweka makaratasi ya mirathi ya mzee, ile yenye kufuli. Ngoja kwanza nikuambie kwa nini mimi nilinunua, sijawahi kukuhadithia. Mwaka juzi mama yangu alipokuwa anatibiwa nilikuwa kila wiki naenda steshenari moja hapa mjini kuprinti majibu yake na barua za rufaa. Siku moja nikasahau flashi kwenye kompyuta yao. Narudi baada ya siku mbili, yule kijana akatoa kopo la biskuti limejaa flashi za watu, akachomoa ya kwangu bila hata kuniuliza ipi, akasema dada ni hii, nimekutambua kwa picha yako ya pasipoti, halafu pole na mama, Mungu atamponya. Anande, nilimshukuru, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, miguu haina nguvu. Yule kijana hakuwa na nia mbaya hata kidogo, alifungua ili amjue mwenyewe. Lakini alishasoma ugonjwa wa mama ambao hata kaka yangu mkubwa tulikuwa bado hatujamwambia.

Sasa ya kwako ina cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na sahihi za watu, hati ya kiwanja, vitambulisho vya NIDA vya ndugu zako wote. Ikidondoka kwenye basi mtu mwema ataifungua amtafute mwenyewe, na mbaya naye ataifungua kwa yake.

Za kufuli ziko namna mbili. Kuna zile ukichomeka linatokea dirisha, unaandika paswedi kwenye kompyuta. Na kuna zile zina vitufe vya namba juu yake kama kikokotoo, ndani ina kabetri kadogo, unabonyeza PIN flashi ikiwa bado mkononi, ikishafunguka ndo unachomeka. Wewe chukua ya vitufe, tafadhali. Kwa sababu makaratasi yako utakuwa unayaprinti kwenye kompyuta za watu, na ukiandika paswedi kwenye kompyuta ya mtu hujui kuna programu gani humo ndani inarekodi kila unachobonyeza. Afu hizi za vitufe hazihitaji kuinstoli chochote, zinafunguka popote. Kingston wanayo inaitwa IronKey Keypad 200, Apricorn wana Aegis Secure Key, iStorage wa Uingereza wana datAshur. Mimi yangu ni hiyo ya Kingston ila yoyote kati ya hizo utakayoipata ni sawa tu.

Boksi litakuwa limeandikwa AES-256, usiduwae nalo sana, karibu zote zinaandika. Hiyo ni kanuni ya kuvuruga maandishi yasisomeke bila ufunguo, waliibuni Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na Marekani wakaifanya kiwango chao rasmi mwaka 2001, ni imara kwelikweli. Shida huwa inatokea mlangoni. Mwanzoni mwa mwaka 2010 zilitoka habari kwamba wataalamu wa kampuni ya Kijerumani inaitwa SySS walizipima flashi za Kingston, SanDisk na Verbatim, zina AES-256 na zina hadi cheti cha serikali ya Marekani kinaitwa FIPS 140-2, wakakuta paswedi inakaguliwa na programu iliyoko kwenye kompyuta, halafu hiyo programu ikisharidhika inaipelekea flashi amri ya kufunguka, na amri yenyewe ni ileile moja kwa flashi zote, paswedi yako iwe nini iwe nini. Kwa hiyo wao wakaipeleka hiyo amri moja kwa moja, flashi ikafunguka bila paswedi. Kingston wakaziita zao zirudishwe, wenzao wakatoa marekebisho. Ndo maana nakuambia PIN ikaguliwe na flashi yenyewe humo humo ndani, na kama utaona cheti cha FIPS 140-2 au 140-3 tafuta Level 3, hiyo wanapima mpaka mtu akijaribu kulibomoa ganda afikie chipu.

Jambo ambalo nimelipenda kuliko yote ni kwamba yangu naweza kuiweka isomeke tu isiandikike. Nikienda steshenari naifungua hivyo, wanaprinti, ile virusi ya shotikati inayogeuza mafolda yote haipati pa kuingia. Angalia kama utakayopata inayo hiyo. Ila kumbuka kufuli likishafunguliwa, kompyuta imeshaona kila kilichomo na inaweza kukopi, kwa hiyo simama hapohapo, printi, chomoa, na usikubali wakuburuzie faili kwenye desktopu yao eti ndo inaprinti haraka.

Kama hela bado, maana hizi ni ghali mno ukilinganisha na flashi ya kawaida, sikufichi, kuna programu ya bure inaitwa VeraCrypt, unaiweka kwenye flashi yoyote. Inafunga vizuri sana. Tatizo ukifika steshenari haifunguki mpaka kompyuta yao nayo iwe na VeraCrypt na wakupe ruhusa ya msimamizi wa mashine, hawakupi. Kwa nyumbani ni sawa kabisa, nitakuambia chini.

PIN sasa. Usiweke tarehe ya kuzaliwa, wala mwaka aliofariki mzee, hizo ukoo mzima unazijua na wewe mwenyewe umesema shemeji fulani anauliza uliza. Yangu inakubali namba 8 mpaka 15. Na usimwambie mtu hata ina namba ngapi. Mwaka 2022 kule Amagasaki, Japani, mfanyakazi mmoja aliyekuwa kwenye kazi ambayo manispaa iliipa kampuni ya nje alienda kunywa akalala njiani, akaamka begi halipo, ndani kuna flashi yenye taarifa za wakazi wote, kama 460,000. Ilikuwa imefungwa na baadaye begi likapatikana, lakini ofisa wa manispaa alishawaambia waandishi wa habari kwamba paswedi ina herufi na namba 13. Watu mtandaoni wakaanza kubuni palepale.

Upande wa pili usiisahau, hapo ndo naogopa zaidi. Hizi ukikosea PIN mara kadhaa mfululizo, nyingi ni mara 10, zinajifuta, na fundi wa mjini hata aitoe chipu hapati kitu. Kuna bwana anaitwa Stefan Thomas, yuko Marekani, ana bitikoini 7,002, zile sarafu za mtandaoni, ufunguo wake uko kwenye flashi ya IronKey, karatasi ya paswedi ilipotea, mwaka 2021 alikuwa ameshajaribu mara 8 zimebaki 2. Wewe umeshaona simu ya mzee ilivyobaki imefungwa na picha zake zote humo, mpaka leo mama yako anaishika tu. Kwa hiyo iandike PIN kwenye karatasi, weka kwenye bahasha, gundisha, mpe mtu mmoja unayemwamini asiye na fungu kwenye mirathi. Yangu inaruhusu PIN mbili, ya msimamizi na ya mtumiaji, ya msimamizi ndo iko kwenye bahasha, ya mtumiaji natembea nayo kichwani.

Na isiwe nakala pekee, Anande. Flashi inakufa ghafla, haiagi. Nyingine iweke kwenye laptopu ya nyumbani ndani ya VeraCrypt, na makaratasi halisi yabaki kabatini.

Usinunue zile zinazotembezwa stendi zimeandikwa 2TB, nyingi ni uongo, ndani ina 16GB ukiijaza inakula faili za mwanzo. Yangu aliniletea shemeji kutoka Dar, boksi halijafunguliwa. Na kabla hujaweka kitu cha maana, ijaribu ikiwa tupu, kosea PIN makusudi mpaka mwisho uone kweli inajifuta, kisha uianze upya.

Jumamosi nipo. Shuka hapa Sakina nikupokee, uje na hati yenyewe, maana ile skani uliyonitumia imekata namba ya kitalu pembeni, tuiskani upya hapa kwangu kabla hatujaifungia. Mimi nimeshaifuta kwenye WhatsApp, na wewe futa ya kwako.

Wako,
Neema